Ayub Ogada na Nyuzi Nane Zilizovuka Bahari

Ukitaja muziki wa majaribio hapa shuleni, wengi huwaza mitambo ya umeme na sauti za ajabuajabu kutoka ng'ambo. Mimi nasema jaribio kubwa laweza kufanywa kwa nyuzi nane na ngozi ya ng'ombe. Aliyelifanya ni Mkenya mwenzetu, Ayub Ogada.

Ogada alizaliwa Mombasa mwaka wa 1956, na hapo awali alijulikana kama Job Seda. Wazazi wake walikuwa wanamuziki Wajaluo. Akiwa mtoto aliandamana nao hadi Marekani walikokwenda kutumbuiza, kwa hivyo mapema alionja muziki wa nyumbani na wa ugenini. Baadaye, jijini Nairobi, alishiriki kuanzisha African Heritage Band, kundi lililochanganya ala za kienyeji na gitaa za umeme. Hata sinema aliigiza: yumo katika Out of Africa ya 1985.

Sasa tuje kwenye nyatiti yenyewe. Kwa desturi mpigaji huketi kwenye kigoda kifupi. Mguuni huvaa njuga, na kwenye kidole gumba cha mguu huvaa pete ya chuma ya kugonga ukingo wa ala. Yaani mtu mmoja ni bendi nzima! Huimba kwa nguvu matangani na katika sherehe, na wageni hutoa pesa ili wimbo usimame wajisifu.

Je, Ogada alifanya nini? Alipunguza. Mwaka wa 1986 alikwenda Uingereza na nyatiti yake, akawa anapiga katika stesheni za reli ya chini ya ardhi mjini London, mbele ya wapita njia wasiojua neno hata moja la Kijaluo. Katika albamu yake En Mana Kuoyo, iliyotolewa na kampuni ya Real World mwaka wa 1993, hakuna kelele. Anaimba polepole, sauti ya chini, na nyuzi zinadondoka moja moja kama matone. Lugha hakubadilisha, ala hakuitupa. Alichobadilisha ni namna ya kusikilizwa: nyatiti ya umati ikawa nyatiti ya mtu aliyetulia peke yake.

Na dunia ilisikia, jamani! Wimbo wake Kothbiro, maana yake "mvua inakuja", ulitumiwa katika filamu ya The Constant Gardener mwaka wa 2005. Mwaka wa 2018 Kanye West, yule yule mnayemwiga bwenini, alichukua kipande chake akakitia katika wimbo wake Yikes.

Ogada alifariki tarehe 1 Februari 2019. Hapa kwetu nyatiti hutolewa stoo msimu wa tamasha la muziki tu, na kuna wanaoicheka ati ni ya wazee wa kijijini. Mwaka huu waliojitokeza kuipiga ni wawili, na wote wako kidato cha nne. Wakiondoka, nani ataishika?

Nawasihi wa kidato cha kwanza na cha pili: mwoneni mwalimu wa muziki kabla muhula haujaisha. Si lazima uwe Mjaluo, wala si lazima upige kama babu. Wahenga walisema, usiache mbachao kwa msala upitao.