Uduvi wa Madimbwi ya Mvua: Kuwapata na Kuwafuga

Maji ya mvua yanayotuama kwa majuma machache kisha yakakauka huhesabiwa na wengi kuwa hayana faida, pengine hata kuwa na madhara kwa sababu ya mbu na tope. Lakini kwa wataalamu wa viumbe wa majini hayo ni makazi kamili yenye wenyeji wake, na miongoni mwao ni uduvi wa madimbwi, krasteshia wa oda ya Anostraka, yaani kundi la jamaa wa kamba wasio na gamba la kufunika mwili. Katika nyanda kavu za Afrika Mashariki wako uduvi wa jenasi ya Streptocephalus, ambao kwa kawaida huwa na urefu wa sentimita moja hadi tatu, mwili unaopitisha mwanga, na mara nyingi ncha ya mkia yenye rangi nyekundu au ya machungwa.

Uduvi hawa huogelea chali. Miguu yao, jozi 11 zilizo bapa na laini, hupiga maji bila kupumzika, na kwa mwendo huo huo humsogeza mnyama, humsaidia kupumua, na kuchuja mwani, bakteria na chembe za mimea iliyooza ambazo ndizo chakula chake. Kinachowaelekeza ni mwanga, kwani huugeuzia tumbo, kiasi kwamba wakimulikwa kwa tochi kutoka chini ya chombo cha kioo gizani hujipindua wakaogelea kifudifudi. Dume hutambulikana kwa vipapasio vikubwa vya kumshikia jike, naye jike kwa mfuko wa mayai ulio nyuma ya miguu.

Mayai hayo ndiyo yanayoeleza jinsi mnyama wa majini anavyoweza kuishi mahali pasipo na maji kwa sehemu kubwa ya mwaka. Kila moja, dogo kuliko nusu milimita, lina kiinitete kilichoanza kukua kisha kikasimama ndani ya ganda gumu, na katika hali hiyo huweza kustahimili ukavu, jua kali na miaka mingi ya kungoja. Mvua inaponyesha, yale yaliyo juu ya udongo, yanayofikiwa na mwanga, hewa ya oksijeni na maji yasiyo na chumvi nyingi, huanguliwa kwa siku moja au mbili. Lakini hayaanguliwi yote, kwani sehemu hubaki yamelala hata hali ikiwa njema, na kwa hiyo dimbwi likikauka kabla uduvi hawajazaa, ukoo haukatiki. Hiyo ndiyo akiba halisi ya dimbwi, nayo imo udongoni.

Kwa sababu hiyo, anayewatafuta ana nyakati mbili za kufanya kazi. Wakati wa mvua, majuma mawili au matatu baada ya dimbwi kujaa, hutumika wavu laini, hata kipande cha chandarua kisichotiwa dawa, na bakuli jeupe la kutazamia. Madimbwi yanayofaa ni yale yanayokauka kabisa kila mwaka, kama mabonde madogo ya udongo mweusi wa mbuga au mashimo yaliyochimbwa changarawe, hata maji yakiwa ya rangi ya chai ya maziwa. Penye perege au kambare ni kazi bure, kwani uduvi hawana silaha wala mbio za kuwaokoa. Hata samaki wadogo wa jenasi ya Nothobranchius, ambao nao huacha mayai yao topeni katika madimbwi ya pwani na ya Unguja, huwala. Mtafutaji asiingie majini miguu mitupu, kwa kuwa konokono wanaoeneza kichocho huishi pia katika madimbwi ya muda.

Wakati wa kiangazi kazi huwa nyepesi zaidi. Udongo wa juu, wa kina cha sentimita mbili au tatu, huchotwa mahali palipokauka mwisho, hukaushwa vizuri kivulini, kisha kiasi cha vijiko vichache huwekwa katika beseni pana na kumiminiwa maji safi ya mvua. Maji ya bomba yenye klorini huua, na ya visima vya chumvi huzuia kuanguliwa. Beseni likikaa mahali penye mwanga na joto la nyuzi 22 hadi 28 za Selsiasi, lava wa kwanza huonekana kama vinukta vyeupe vinavyorukaruka kuelekea kwenye mwanga.

Wengi hufa kwa kulishwa kupita kiasi. Maji ya kijani yenye mwani ni bora. Hamira iliyokorogwa mpaka maji yakawa na ukungu hafifu hutosha, nayo isiongezwe kabla ukungu huo haujatoweka, la sivyo huoza na kumaliza oksijeni. Uduvi hukomaa kwa juma moja hadi matatu kwa kufuata joto na chakula, na wanapokufa, mfugaji hapaswi kuosha beseni, bali aache maji yakauke yenyewe, ahifadhi udongo mkavu kwa majuma kadhaa, kisha aumiminie maji tena. Anayeogopa kukausha beseni lake atawapata mara moja tu.

Katika Marekani, uduvi wa aina ya Branchinecta lynchi, waishio katika madimbwi ya California, waliwekwa chini ya ulinzi wa sheria mwaka 1994, kwa sababu makazi yao yalikuwa yakilimwa na kujengwa. Madimbwi ya Afrika Mashariki nayo hufukiwa, au huchimbwa zaidi yakawa mabwawa ya kudumu na kutiwa samaki, na vyote viwili humaliza uduvi. Basi anayechota udongo achote kikombe kimoja na kuacha uliobaki, aombe ruhusa kwa mwenye ardhi au kwa wasimamizi wa hifadhi, asimwage udongo wa dimbwi moja katika jingine, na anayetaka bwawa la perege achimbe mahali pengine.