CHEMA CHAJIUZA? KISA CHA NYANGUMI MWEUPE

Wahenga walinena kuwa chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Methali hii nilikuwa nikiipachika katika kila insha bila kuitilia shaka, mpaka nilipokisoma kitabu cha Kimarekani kiitwacho Moby-Dick. Kumbe chema nacho chaweza kukaa sokoni miaka na mikaka bila mnunuzi!

Mtunzi wake ni Herman Melville, aliyezaliwa New York mwaka wa 1819. Baba yake alifariki mwaka wa 1832 akaiachia jamaa yake madeni. Januari mwaka wa 1841, kijana huyu aliabiri meli ya kuvua nyangumi iitwayo Acushnet. Enzi hizo mafuta ya nyangumi yaliwasha taa, na kuyapata si mchezo. Mabaharia waliteremka katika mashua ndogo wakamrushia chusa mnyama aliye mkubwa kuliko mashua yenyewe. Naye hakukubali kufa kimya. Mwaka wa 1820, nyangumi aliigonga meli ya Essex katika Bahari ya Pasifiki ikazama. Kati ya watu 20, waliookoka ni 8 tu. Melville alikisoma kisa hicho kama kilivyoandikwa na Owen Chase, mmoja wa manusura.

Basi mwaka wa 1851 akatoa riwaya yake. Nahodha Ahab alikatwa mguu na nyangumi mweupe, na sasa anamsaka bahari baada ya bahari ili alipize kisasi. Mabaharia waliajiriwa kutafuta mafuta, lakini yeye amewageuza kuwa askari wa vita vyake. Msaidizi wake, Starbuck, anamwonya. Wapi! Sisi husema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Hapa mkuu ndiye asiyesikia la mdogo, na wote wanaangamia. Anayebaki ni msimulizi, Ishmael, anayeelea juu ya jeneza.

Je, kitabu kilipokelewaje? Toleo la London liliiacha sehemu fupi ya mwisho inayoeleza jinsi Ishmael alivyookoka. Wahakiki wengine wakauliza: maiti anasimuliaje hadithi? (Hapo, enyi watahiniwa, mmeiona hatari ya kutomaliza insha!) Wengine walichoshwa na sura ndefu zinazoeleza kichwa, mkia na mafuta ya nyangumi. Melville akaishia kuwa mkaguzi wa forodha bandarini New York kwa miaka 19. Alipofariki mwaka wa 1891, wasomaji wengi walikuwa wamekwisha kumsahau.

Mambo yalianza kubadilika mwaka wa 1919, miaka mia moja tangu azaliwe. Mwaka wa 1921, Raymond Weaver alitoa kitabu juu ya maisha yake. Mwaka wa 1927, mwandishi mashuhuri William Faulkner alikitaja Moby-Dick kuwa kitabu ambacho angetamani kuwa amekiandika yeye. Mwaka wa 1956 ikaja filamu ya John Huston. Hata duka la kahawa lililofunguliwa Seattle mwaka wa 1971 lilichukua jina la yule Starbuck!

Kwa nini kilifufuka? Kwa maoni yangu, wasomaji wa baada ya Vita Vikuu vya Kwanza walikuwa wamekwisha kuwaona wakubwa wakiwapeleka vijana kwenye maangamizi. Ahab hakuwa mgeni kwao tena.

Hata kwangu si mgeni. Mimi ni mtu wa bara, bahari sijaiona kwa macho. Lakini muhula uliopita sikusemezana na rafiki yangu wa dawati moja, eti kwa sababu alipoteza daftari langu. Wenzetu nao niliwavuta upande wangu. Nilipofika pale Starbuck anapomsihi nahodha arudi nyumbani, nilikifunga kitabu nikamwendea rafiki yangu. Daftari halijapatikana mpaka leo, lakini tunasoma pamoja.

Naam, chema chajiuza, ila pengine mwenyewe hayupo kupokea bei. Kwa hivyo insha yako ikirudi na wino mwekundu, usiitupe. Kalamu naiweka chini.