Nyoka wa Maziwa: Mgeni wa Miaka Ishirini

Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Hata hivyo, huko Marekani zipo familia zinazomfuga nyumbani nyoka aitwaye nyoka wa maziwa. Wakulima wa zamani walimsingizia kuwa hunyonya ng'ombe. Kumbe zizini alifuata panya. Hana sumu.

Mzazi anayeombwa na mwanawe amnunulie nyoka huyo hana budi kuyajua haya. Sanduku lake la kioo liwe na kifuniko kinachofungwa barabara, kwani hupenya hata kwenye ufa mdogo. Upande mmoja uwe na joto la nyuzi 30 hivi za Selsiasi, wa pili uwe na ubaridi kidogo. Pawepo maji safi na mahali pa kujificha. Akiwa mchanga alishwe panya mfu mara moja kwa juma. Akae peke yake, maana huweza kumla nyoka mwenziwe. Kila amshikaye na anawe mikono kwa sabuni.

Zaidi ya yote, huweza kuishi hata miaka 20. Mtoto atakua, atahama. Nyoka atabaki mikononi mwa mzazi. Asiye tayari kwa ahadi hiyo asimnunue.