Lubumbashi: San Andreas inakwama? Usikimbilie kununua kompyuta nyingine

Katika komine ya Katuba, mjini Lubumbashi, kijana mmoja mwanafunzi wa chuo kikuu alikuwa karibu kutumia pesa yake ya minervali kununua kompyuta nyingine. Sababu ilikuwa moja: mchezo wake wa Grand Theft Auto: San Andreas ulikuwa unakwama kila baada ya dakika chache. Fundi aliyeiangalia kompyuta alisema mashini imeisha.

Kijana huyo ni mtoto wa dada yangu. Kompyuta hiyo ndiyo anayoandikia kazi zake za masomo, na ndiyo anayotumia kuwapigia majirani barua kwa malipo kidogo. Kabla pesa haijatoka, tulikaa pamoja jioni mbili kutafuta ugonjwa uko wapi. Haukuwa mahali fundi alipouonyesha.

Nimeona ni vizuri kueleza tulichofanya, kwa sababu vijana wengi mjini wanacheza mchezo huu kwa kompyuta zilizokwisha kutumika kwingine. Wanaupokea kwa kle ya USB kutoka kwa rafiki, ukiwa tayari umejazwa modi, yaani nyongeza zilizotengenezwa na wachezaji wenyewe: magari ya Toyota, jezi za timu, taa mpya, barabara mpya.

Mchezo wa zamani, mzigo mpya

San Andreas ilitoka mwezi wa Oktoba 2004 kwa PlayStation 2, na Juni 2005 kwa kompyuta. Wakati ule ilihitaji RAM ya megabaiti 256 tu na kadi ya picha ya megabaiti 64. Karibu kila kompyuta inayouzwa leo, hata ya mtumba, inapita kiwango hicho mara nyingi. Basi kwa nini inakwama?

Jibu ni kwamba mchezo wenyewe umewekewa mipaka ya zamani zile. Unapoendesha gari, mchezo haupakii mji mzima. Unapakia mitaa iliyo mbele yako na kuondoa ile uliyoiacha nyuma. Kwa kazi hiyo umetengewa nafasi ya megabaiti 50 tu. Tena ni programu ya biti 32: hata ukiweka RAM ya gigabaiti 16, bila marekebisho utatumia gigabaiti 2 peke yake, na kwa marekebisho hauwezi kupita 4. Sehemu kubwa ya kazi yake pia inabebwa na kiini kimoja cha prosesa. Viini vingine ulivyovilipia vinakaa karibu bure.

Sasa tazama mzigo. Picha nyingi za mchezo wa awali zina upana wa nukta 256 au chini yake. Modi ya gari inaweza kuleta picha ya nukta 2048 kwa 2048, ambayo ina nukta mara 64 ya ile ya 256 kwa 256. Isipobanwa, picha moja ya namna hiyo inakula megabaiti 16. Tatu zikikutana, ile nafasi ya megabaiti 50 imekaribia kujaa.

Anza na mashini

Kabla ya kugusa mchezo, angalia umeme. Wakati wa delestaji wengi wanacheza kwa betri. Kompyuta ya kubeba inapokuwa kwa betri hupunguza nguvu yake makusudi ili betri idumu. Chaja ya kuazima yenye nguvu ndogo inaweza kuleta tatizo lile lile. Chomeka chaja inayofaa, chagua katika Windows nguvu ya juu, kisha jaribu tena.

Pili, angalia joto. Wakaaji wa Lubumbashi wanajua vumbi jekundu la kiangazi, na wanajua joto la Oktoba kabla mvua haijazoea kunyesha. Vumbi likiziba feni, prosesa inapata joto na kujipunguzia mwendo ili isiungue. Dalili yake ni rahisi: mchezo unaenda vizuri kwa dakika 20 hivi, halafu unaanza kuwa mzito. Zima kompyuta, toa betri ikiwa inatoka, safisha feni kwa brashi laini. Usicheze ukiwa umeiweka juu ya kitanda, maana shuka linaziba matundu ya hewa.

Kwa kompyuta ya mpwa wangu, kusafisha feni kuliondoa nusu ya tatizo. Uzito wa baada ya dakika 20 ulikwisha. Lakini kila alipoendesha gari kwa kasi katikati ya mji, picha iliendelea kukwama.

Soma dalili

Kila ugonjwa una alama yake. Nyumba na barabara zikitoweka na gari likabaki linaelea hewani, nafasi ya kupakia mitaa imejaa. Mchezo ukijifunga wenyewe ghafla, huenda umegonga mpaka wa gigabaiti 2, au kuna modi mbovu. Ukikwama tu unapokwenda kasi, shuku diski ya zamani au modi nzito za magari. Ukiwa mzito usiku na wakati wa mvua, shuku modi za taa na mwanga kama ENB.

Kuna jaribio jingine dogo: punguza ukubwa wa picha ya skrini katika mchezo. Kasi ikipanda, kadi ya picha ndiyo iliyokuwa imelemewa. Kasi isipobadilika, tafuta kwingine.

Na usidanganywe na ile kinga ya kasi iliyo katika mchezo, inayoishikilia kwenye picha 25 hivi kwa sekunde. Mchezo haujaharibika ukiona namba hiyo. Ukiizima, mambo mengine yanavurugika. Kwa mfano, mtu wako anaogelea kwa shida.

Gawanya kwa nusu

Hapa ndipo wengi wanapokosea: wanafuta modi moja moja kwa kubahatisha, au wanafuta mchezo mzima. Njia nzuri ni kuanza na mchezo safi usio na nyongeza yoyote. Ukienda vizuri, mashini haina kosa. Kisha tumia programu ya Mod Loader, ambayo inaweka kila modi katika folda yake bila kugusa faili za asili. Tunza nakala ya kila kitu kwanza.

Toa nusu ya modi na ujaribu. Mchezo ukipona, mkosaji yuko katika nusu uliyoitoa; usipopona, yuko katika nusu iliyobaki. Gawanya tena nusu hiyo yenye kosa. Hata kama una modi 64, majaribio 6 yanakufikisha kwa moja. Ila kumbuka kwamba mara nyingine wakosaji ni wawili wanaogombana wao kwa wao.

Sisi tulifika kwa gari moja, zuri sana kwa macho, lenye picha za nukta 2048 zisizobanwa. Tuliliondoa, tukaweka SilentPatch, inayorekebisha makosa ya zamani ya mchezo, pamoja na programu inayopanua ile nafasi ya megabaiti 50. Kukwama kukaisha.

Neno la tahadhari: modi inayopita mikono mingi kwa kle inaweza kubeba virusi. Ichunguze kwanza, hasa faili zinazoishia na .exe au .asi.

Kuna siku jibu litakuwa kweli ni mashini. Ikiwa mchezo safi nao unakwama baada ya kusafisha feni na kuchomeka chaja inayofaa, basi tazama diski. Kubadilisha diski ya kuzunguka kwa ile ya SSD mara nyingi ni nafuu kuliko kununua kompyuta nyingine. Fundi akikwambia mashini imeisha, mwombe akuonyeshe mchezo ukikwama bila modi hata moja. Asipoweza kukuonyesha, shikilia pesa yako.

Mpwa wangu amelipa minervali. Barua za majirani bado anaziandika kwa kompyuta ile ile, na usiku, umeme ukiwepo, anaendesha gari jingine.