Saa Moja Angani: Entebbe Hadi Nairobi

Kutoka kiwanja cha ndege cha Entebbe hadi kile cha Jomo Kenyatta mjini Nairobi ni kiasi cha kilomita 520 kwa mstari ulionyooka. Mstari huo ukichorwa kwenye ramani, zaidi ya theluthi yake hupita juu ya maji ya Ziwa Victoria. Kisha hukaribia kisiwa cha Mfangano, hupanda milima ya Bomet na kulivuka Bonde la Ufa. Basi la kutoka Kampala, likipitia Busia au Malaba, huimaliza safari hiyo kwa usiku mzima na pengine zaidi.

Ndege ya jeti ikiwa juu huweza kwenda kilomita 800 kwa saa. Mwenye kupenda hesabu atagawanya apate dakika 39, kisha ashangae kuona tiketi imeandikwa muda wa saa moja na zaidi. Tiketi haikukosea. Muda huo huhesabiwa tangu ndege inapoondoka mahali ilipoegeshwa hadi inapoegeshwa tena kule iendako. Ndani yake mna kutambaa kwa magurudumu, kungoja zamu na kupanda. Na haikawii kufika juu ila huanza kuteremka. Ndiyo maana hata ndege ya propela, iliyo ya polepole, haiachwi nyuma sana katika masafa mafupi kama haya.

Lakini hasara kubwa ya wasafiri haitoki angani, hutoka katika saa. Fikiri jamaa waliochangishana nauli ili mama yao mzee apelekwe Nairobi kwa daktari. Tiketi imeandikwa 10:00. Nyumbani husemwa “saa kumi”, mzee huogeshwa na kulishwa bila haraka, na wanapofika Entebbe saa nane mchana, ndege ilikwisha kutua Nairobi tangu asubuhi. Saa ya tiketi huanza kuhesabiwa usiku wa manane; ya kwetu huanza alfajiri. Basi 10:00 ni saa nne asubuhi, na saa kumi jioni huandikwa 16:00. Apunguzaye sita hapotei. Penye 02:00 ataongeza sita, apate saa nane za usiku, naye aangalie sana siku: 02:00 ya Jumanne ni usiku wa kuamkia Jumanne, wala si ule unaofuata jioni yake. Wengi wamekwenda kiwanjani wakiwa wamechelewa siku nzima.

Kati ya Entebbe na Nairobi angalau saa za ukutani ni zile zile. Kigali ni jambo jingine, kwani Rwanda iko nyuma kwa saa moja. Masafa ni kiasi cha kilomita 340 tu, na ndege hutumia karibu saa moja. Hivyo anayeondoka Entebbe saa nne huweza kutua Kigali saa nne ile ile, kana kwamba hakusafiri. Akirudi, tiketi humwonyesha saa mbili. Asiyejua hilo, naye ana ndege nyingine ya kuunganisha, huketi akinywa soda kwa utulivu huku jina lake likiitwa kwenye kipaza sauti.