Maji ya Urea katika Gari la Dizeli: Asili Yake, Kazi Yake na Wajibu wa Mwenye Gari

Magari mengi ya dizeli yaliyotengenezwa kwa ajili ya masoko ya Ulaya, Japani na Marekani katika miaka ya karibuni yana tundu jingine dogo la kujazia, mara nyingi lenye kifuniko cha buluu, kando ya lile la mafuta au mahali pengine kwenye gari. Humo hutiwa kimiminika kisicho na rangi ambacho Ulaya na Afrika Mashariki kinajulikana zaidi kwa jina la kibiashara la AdBlue, ilhali Marekani na Kanada watu hukiita DEF. Muundo wake ni rahisi: asilimia 32.5 ya uzito ni urea safi, na asilimia 67.5 iliyobaki ni maji yaliyoondolewa madini. Madereva wengi, hata wenye uzoefu, hudhani kwamba ni nyongeza ya mafuta, yaani dawa ya kusafisha injini au ya kuiongezea nguvu. Dhana hiyo imewagharimu wengi, kwa kuwa maji haya hayaingii ndani ya injini kabisa. Yana tangi lake, pampu yake na nozeli yake, na hupuliziwa ndani ya bomba la ekzosi baada ya moshi kuwa umekwisha kutoka kwenye injini.

Sababu ya kuhitajika kwake imo katika tabia ya injini ya dizeli yenyewe. Injini ya petroli huwasha mchanganyiko wa mafuta na hewa kwa cheche, na kompyuta ya gari huhakikisha kwamba hewa inayoingia inatosha mafuta bila kuzidi, hivyo kichocheo cha kawaida cha ekzosi, yaani kitu kinachoharakisha mmenyuko wa kikemia bila chenyewe kuisha, huweza kuondoa gesi chafu za aina tatu kwa pamoja. Dizeli haina cheche. Hukandamiza hewa mpaka ipate joto la kutosha kuyawasha mafuta, na kwa kawaida huvuta hewa nyingi kuliko inayohitajika. Sifa zake nyingi zinatokana na hapo, kwamba hutumia mafuta machache na huvuta mizigo mizito bila kuchoka. Ubaya wake nao unatokana na hapo hapo, kwa sababu katika joto hilo kali naitrojeni ya hewani, ambayo kwa kawaida haiungani na kitu kwa urahisi, huungana na oksijeni na kufanya oksidi za naitrojeni, gesi zinazowasha njia ya hewa, zinazowatesa wenye pumu, na ambazo zikipigwa na jua huchangia kufanyika kwa ozoni karibu na ardhi. Kwa kuwa moshi wa dizeli bado umejaa oksijeni, kichocheo cha magari ya petroli hakina uwezo wa kuzivunja.

Njia moja iliyotumika mapema ilikuwa kurudisha sehemu ya moshi ndani ya injini ili joto la mwako lipungue. Oksidi zilipungua kweli, lakini masizi yaliongezeka na ulaji wa mafuta ukapanda, na kila hatua ya kupunguza kimoja ilikuza kingine. Urea ilivunja mkwamo huo kwa kuhamisha kazi ya usafishaji kutoka ndani ya injini kwenda nje yake, hivyo injini ikaachwa iwake kwa joto inalolitaka, na uchafu ukashughulikiwa baadaye. Moshi katika magari mengi hupita kwanza kwenye chujio linalonasa masizi. Kisha nozeli hupulizia maji ya urea, na joto la moshi, likifika takriban nyuzi 200 za Selsiasi, huivunja urea ikatoa amonia pamoja na kabonidioksidi kidogo. Amonia hiyo hukutana na oksidi za naitrojeni juu ya kichocheo cha vanadi, au cha madini ya zeolaiti yaliyotiwa shaba au chuma, na kinachotoka mwishoni ni naitrojeni ile ile ya hewani na mvuke wa maji.

Teknolojia hii haikubuniwa kwa ajili ya magari. Katika miaka ya 1970 Japani iliitumia kusafisha moshi wa mitambo ya kuzalisha umeme, ambako nafasi ilikuwa tele na wahandisi walikuwa kando yake saa zote. Kuifanya ifae lori linalopanda milima na kusimama kwenye foleni kulichukua muda mrefu, na mwaka 2004 kampuni ya Nissan Diesel ya Japani ilitoa lori la Quon, miongoni mwa malori ya kwanza ya kuuzwa kwa umma yenye mfumo huo. Ulaya ilifuata mwaka 2005 ilipoanza kutumia kiwango cha uchafu wa moshi cha Euro IV, na Marekani ikabana zaidi kwa malori ya mwaka 2010. Ukubwa wa badiliko hilo unaonekana kwenye takwimu: kiwango cha Euro I cha mwaka 1992 kiliruhusu injini ya lori itoe gramu 8 za oksidi za naitrojeni kwa kila kilowati-saa, ilhali Euro VI, iliyoanza mwaka 2013, inaruhusu gramu 0.4 tu. Kampuni ya Navistar ya Marekani ilijaribu kufikia viwango vya nchi hiyo bila urea, kwa kurudisha moshi peke yake, na mwaka 2012 ililazimika kuiacha njia hiyo baada ya hasara kubwa.

Upande wa magari madogo historia ina doa ambalo mwenye gari hana budi kulijua. Tarehe 18 Septemba 2015 Mamlaka ya Mazingira ya Marekani, EPA, iliishutumu hadharani kampuni ya Volkswagen kwa kuweka programu iliyotambua gari linapopimwa na kuusafisha moshi wakati huo tu. Baadaye kampuni ilikiri kwamba magari yapatayo milioni 11 duniani yalihusika. Lililozungumzwa kidogo zaidi ni uamuzi wa Tume ya Ulaya wa Julai 2021, ambapo Volkswagen na BMW zilitozwa faini ya jumla ya euro milioni 875, na Daimler ikasamehewa kwa kuwa ndiyo iliyotoa siri, kwa sababu watengenezaji hao walikubaliana faraghani kuhusu ukubwa wa matangi ya AdBlue na umbali ambao tangi moja lingefikisha, wakaepuka kushindana katika usafi wa moshi zaidi ya kile sheria ilichodai. Tangi dogo huacha nafasi ya buti, na likidumu muda mrefu humwondolea mnunuzi usumbufu wa kujaza mara kwa mara, lakini ili lidumu hivyo ni lazima lipulizie kidogo. Kwa hiyo gari linalokula AdBlue kwa kasi halina lazima kuwa bovu. Huenda linafanya kazi yake kwa uaminifu kuliko lile ambalo mwenyewe husahau kama lina tangi hilo.

Ulaji wa kawaida wa lori ni kati ya lita 2 na 5 kwa kila lita 100 za dizeli, kutegemea kiwango cha injini na uzito wa mzigo. Maji yakikaribia kuisha, gari halikai kimya. Sheria za Ulaya zinadai kwamba gari dogo lianze kumwonya dereva angalau kilomita 2,400 kabla tangi halijakauka, na likishakauka injini iliyozimwa haiwaki tena mpaka lijazwe. Malori ya Marekani yamekuwa yakipunguziwa nguvu hatua kwa hatua hadi mwendo wa maili 5 kwa saa, jambo ambalo dereva aliye barabara kuu wakati wa theluji, na Waafrika Mashariki si wachache katika kazi hiyo, analijua kuwa ni hatari kwa usalama wake na kwa kipato chake. Mara nyingi kosa halikuwa la dereva, bali la sensa mbovu iliyodai kwamba maji hayafai. Mwezi Agosti 2025 EPA iliwahimiza watengenezaji wabadilishe programu ili adhabu hiyo ichelewe na dereva apate nafasi ya kufika kwenye matengenezo. Hatua hiyo ni ya haki, kwani kumkomoa dereva hakujawahi kusafisha hewa.

Ubora wa maji yenyewe unasimamiwa na kiwango cha kimataifa cha ISO 22241, na hapa ndipo uangalifu wa mwenye gari unapohitajika zaidi. Uwiano wa asilimia 32.5 haukuchaguliwa kwa kubahatisha: ndio unaoganda kwa joto la chini kuliko uwiano mwingine wowote, yaani nyuzi 11 chini ya sifuri, na unapoganda au kuyeyuka urea na maji haviachani. Kwa sababu hiyo, anayeishi Minnesota au Ontario hana haja ya kutia dawa ya kuzuia kuganda, ambayo kwa kweli itaharibu kichocheo. Gari limewekewa kipashajoto ndani ya tangi, na linaruhusiwa kuwaka na kutembea wakati maji yanaendelea kuyeyuka. Joto kali ni adui mkubwa kuliko baridi, ingawa huzungumzwa kidogo. Maji yaliyohifadhiwa kwenye nyuzi 25 hudumu takriban miezi 18, kwenye nyuzi 30 mwaka mmoja, na kwenye nyuzi 35 miezi sita tu, maana urea huanza kugeuka amonia taratibu. Dumu lililokaa juani mbele ya duka Muscat au Mombasa laweza kuwa limeharibika kabla halijafunguliwa, kwa hiyo tarehe iliyo kwenye kibandiko inastahili kusomwa kwa makini.

Kosa linalovutia zaidi, na lenye madhara makubwa zaidi, ni kujitengenezea nyumbani. Mbolea ya urea ambayo wakulima wa mahindi huitumia kukuzia ni urea hiyo hiyo kwa kemia, na bei yake huwashawishi watu kuiyeyusha katika maji ya bomba. Lakini mbolea ina mabaki ya biureti na mara nyingi hupakwa kemikali za kuzuia isigandamane, na maji ya bomba yana kalisiamu, na vitu hivyo hutuama juu ya kichocheo na kuziba vitundu vyake kimoja baada ya kingine, mpaka kifaa chenye bei ya kuumiza kife. Hata chombo cha kumiminia kina maana: shaba, zinki na alumini huliwa na urea na kuacha chembe za metali ndani yake, ndiyo maana hutumika plastiki safi au chuma cha pua. Unga mweupe unaoonekana kuzunguka kifuniko ni urea iliyokauka. Huoshwa kwa maji ya uvuguvugu na si dalili ya ugonjwa. Unga huo ukijijenga ndani ya bomba karibu na nozeli, hata hivyo, ni ishara kwamba gari linatembea safari fupi mno, ekzosi haipati joto la kutosha, na mwendo mrefu wa barabara kuu ungelifaa.

Kuchanganya matangi ni ajali nyingine inayotokea. Maji ya urea yakitiwa kwenye tangi la mafuta huharibu pampu na nozeli za injini, na dizeli ikitiwa kwenye tangi la urea, hata kidogo tu, huvimbisha mipira ya mfumo na kuusambaratisha. Katika hali zote mbili ufunguo usizungushwe. Gari livutwe hadi gereji na tangi lisafishwe kabla pampu haijazungusha kitu chochote.

Kuna suala la ugavi pia, ambalo lilijitokeza waziwazi Korea Kusini. Urea hutengenezwa kwa amonia, na amonia hutokana kwa kiasi kikubwa na gesi asilia au makaa ya mawe, hivyo misukosuko ya nishati huifikia moja kwa moja. China ilipobana mauzo ya urea nje ya nchi mwezi Oktoba 2021, Korea Kusini, iliyokuwa ikiagiza kutoka huko karibu urea yake yote ya viwandani, ilijikuta malori yake yakikaribia kusimama. Mwezi Novemba serikali ilituma ndege ya kijeshi Australia kuchukua lita 27,000 za maji hayo, na raia wakaacha madumu nje ya vituo vya zimamoto ili magari ya uokoaji yasikwame.

Afrika Mashariki inaingia katika habari hii kupitia magari yaliyotumika. Prado za injini ya dizeli ya lita 2.8 zilizouzwa Japani kuanzia 2015 zina tangi la urea, kama zilivyo nyingi za Mercedes na BMW za dizeli kutoka Uingereza na malori ya Ulaya yanayobeba mizigo kutoka Dar es Salaam hadi Tunduma na kuvuka mpaka. Mazda CX-5 ya dizeli ya Japani, kwa upande mwingine, haina. Kuanzia Januari 2015 nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zilihamia dizeli yenye salfa isiyozidi sehemu 50 kwa milioni, hatua ya kupongezwa, ingawa Ulaya inaruhusu 10 na Marekani 15, na salfa ndiyo inayokichosha kichocheo cha zeolaiti yenye shaba kabla ya wakati wake. AdBlue inapatikana katika miji mikubwa. Hata hivyo taa ya onyo inapowaka, ushauri unaotolewa upesi gerejini ni kuufunga mfumo, yaani kuidanganya kompyuta ya gari ili iache kupulizia. Marekani kitendo hicho ni kosa chini ya Sheria ya Hewa Safi, na bado EPA ilikadiria mwaka 2020 kwamba zaidi ya pikapu 550,000 za dizeli zilikuwa zimefanyiwa hivyo katika muongo mmoja. Injini iliyobuniwa kuwaka kwa joto kali kwa kutegemea urea, ikinyang'anywa urea, huweza kutoa oksidi nyingi kuliko injini ya zamani iliyobuniwa bila mfumo huo, na wanaoivuta hewa hiyo ni bodaboda, wachuuzi wa kando ya barabara na watoto waendao shule kwa miguu. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, liliuweka moshi wa dizeli mwaka 2012 katika kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu.

Kwa hiyo anayenunua gari la dizeli Uingereza au Japani kwa ajili ya ndugu aliye Arusha au Kampala aulize kwanza kama lina mfumo wa urea, adai kumbukumbu za matengenezo yake, na ahakikishe kwamba huko liendako kuna AdBlue yenye alama ya ISO 22241 na fundi mwenye kifaa cha kusoma makosa ya mfumo huo. Akikosa uhakika wa hayo, amnunulie ndugu yake gari la petroli.