Samaki watano tu: Mashindano ya baridi Marekani na sangara wa Busia

Asubuhi ya Februari 20, 2015, wavuvi zaidi ya 50 walishusha boti zao katika Ziwa Hartwell, kusini mwa Marekani, baridi ikiwa chini ya nyuzi sifuri. Katika baridi ya namna hiyo maji yanayoruka kutoka ziwani huganda juu ya boti. Mshipi uliolowa hugandisha pete za fimbo, na mvuvi hulazimika kubandua barafu kwa vidole kabla ya kurusha ndoano tena. Siku ya tatu mwenyeji wa jimbo hilo la South Carolina, Casey Ashley, aliondoka na dola 300,000. Samaki aliowapima kwa siku zote tatu hawakuzidi 15, na uzito wao wote haukufika kilo 23.

Mchuuzi wa samaki wa Busia akisikia hesabu hiyo atacheka. Kilo 23 ni mzigo unaopandishwa kwenye boda boda na nafasi ya abiria ikabaki. (Hizo boda boda zenyewe, kwa wasiojua, zilianzia hapa hapa, watu wakivushwa kwa baiskeli kutoka mpaka hadi mpaka.) Lakini asicheke haraka. Kanuni zilizompa Ashley fedha zile zinafanana sana na zile zinazofanya mzigo wa sangara upite salama au uishie mikononi mwa afisa wa uvuvi.

Kwanza tumjue samaki mwenyewe. Anaitwa besi, na usimchanganye na basi la kwenda Kampala. Ni samaki wa maji matamu kutoka Amerika Kaskazini, mwenye mdomo mkubwa unaoweza kumeza kitu cha nusu ya urefu wake. Si ndugu wa sangara, lakini tabia zao zinakaribiana: wote ni wawindaji, hujibanza, hungoja, kisha huvamia. Wala si mgeni kabisa kwetu. Aliletwa Ziwa Naivasha mwaka 1929 ili wazungu wapate mchezo wa kuvua, na baadaye akawa kitoweo na biashara. Mwaka 1970 wakamletea kamba wa maji matamu kutoka Louisiana, ambao aliwafurahia sana. Siku hizi Naivasha imejaa kapu, aliyeonekana huko mwanzoni mwa miaka ya 2000, na besi amebaki nyuma. Bado anayetaka kumwona huyo samaki wa Wamarekani hahitaji viza.

Uzito wa besi haustaajabishi. Rekodi ya dunia ni kilo 10 na kidogo, iliyowekwa na George Perry huko Georgia mwaka 1932 na kufikiwa na Mjapani Manabu Kurita katika Ziwa Biwa mwaka 2009. Ukilinganisha, sangara mkubwa kuliko wote waliowahi kuvuliwa kwa fimbo na kuandikishwa alikuwa na kilo 104. Alivuliwa na William Toth katika Ziwa Nasser, Misri, Desemba 2000, na kumbuka Desemba kule ni majira ya baridi. Kwa hiyo kwa ukubwa wa samaki hatuna cha kuwaonea wivu. Cha kuangalia ni kanuni.

Katika mashindano hayo makubwa, yaliyoanza mwaka 1971, kila mvuvi huruhusiwa kupima samaki watano tu kwa siku. Akivua ishirini, anarudisha majini kumi na watano na kubaki na wale wazito. Kila samaki lazima afikie urefu uliowekwa, na anayeleta aliyepungua hunyang'anywa huyo samaki na kukatwa uzito juu yake. Samaki hukaa hai ndani ya tangi la boti lenye pampu ya kuingiza hewa, kisha hupimwa na kurudishwa ziwani. Akifa, mvuvi hukatwa gramu 113 hivi kwa kila mfu mmoja. Kuchelewa kurudi ufukweni ni karibu nusu kilo kwa kila dakika, na ukizidisha dakika 15 kazi ya siku nzima imepotea. Nusu kilo kwa dakika! Afadhali foleni ya malori ya Malaba.

Sasa weka baridi juu ya kanuni hizo. Samaki hana joto lake mwenyewe kama ng'ombe. Mwili wake huwa na joto la maji aliyomo. Maji yakishuka chini ya nyuzi 10, besi hula kidogo, hashughuliki kufukuza chochote, hujikusanya vilindini pamoja na wenzake na kungoja. Akiuma ndoano, huuma kama anayeonja chumvi. Mvuvi mwenye papara anaweza kurusha mara elfu na kurudi mikono mitupu, huku mwenzake aliyesimama mita 50 pembeni, juu ya kilindi chenyewe, akijaza watano wake. Mwaka ule Ashley alitumia chambo kidogo cha risasi chenye kibati kinachozunguka, alichotengenezewa nyumbani na baba yake, akikivuta taratibu. Wengi walikuwa na vifaa vya bei kuliko hicho.

Sisi hatuna theluji, lakini Ziwa Victoria nalo lina majira yake ya baridi, na mchuuzi huyahisi mfukoni hata kama hajui sababu. Kwa kawaida maji ya juu huwa na nyuzi 24 hadi 28. Juni hadi Agosti hupungua nyuzi mbili tatu tu. Kwa mtu wa Tororo anayefunga koti asubuhi, hiyo si baridi ya kuandikwa gazetini. Kwa ziwa ni jambo kubwa.

Ziwa hili ni pana sana lakini si la kina kirefu; wastani ni mita 40 na penye kina zaidi ni karibu mita 80. Kuanzia Septemba au Oktoba hadi karibu Mei, maji ya moto hukaa juu na ya baridi chini, kama mafuta yanavyoelea juu ya supu. Hewa ya oksijeni haifiki vizuri chini. Sangara ni samaki anayetaka hewa nyingi, kwa hiyo hupanda na kusogea penye maji mafupi, karibu na wavuvi. Kisha pepo za kusini-mashariki huanza kuvuma, maji ya juu yanapoa na kuwa mazito, ziwa zima linakorogwa. Hewa inashuka hadi chini, na sangara anapata nafasi ya kutawanyika vilindini.

Mvuvi wa Majanji upande wa Uganda, au wa Port Victoria na Sio Port upande wa Kenya, anabaki na shughuli. Mwenye mashine na petroli atafuata kilindi, apigane na mawimbi. Mwenye mtumbwi wa makasia hawezi. Atakachokipata karibu na ufuko ni sangara wachanga, kwa sababu hao ndio wanaokulia huko, na kwa wavu wa macho madogo au kokoro atawapata kwa wingi. Kwa maoni yangu hapo ndipo mambo yetu yanapoharibika. Asubuhi karai limejaa, bei ni nafuu, na mchuuzi aliyetoka Busia usiku na nauli ya kukopa hawezi kurudi bila mzigo. Ananunua.

Kipimo kinachotumika kwa sangara ni sentimita 50, karibu inchi 20, na si siri. Nchi tatu za ziwa zilikipitisha pamoja kupitia Shirika la Uvuvi la Ziwa Victoria, lililoundwa kwa mkataba uliotiwa saini Kisumu Juni 30, 1994, lenye makao yake Jinja. Kwa sato ni sentimita 25. Sababu ya kipimo ni rahisi: dume wa sangara hukomaa akiwa na urefu wa karibu hapo, na jike huchelewa zaidi, wengi hawajazaa hata mara moja wanapofikia 50. Sangara aliletwa ziwani humu katika miaka ya 1950 na 1960, na ilipofika miaka ya 1980 akawa amejaa kila mahali na kumla furu karibu ammalize. Wengi walidhani hawezi kwisha. Tangu mwaka 2017, Uganda ilipopeleka jeshi lake ziwani kusimamia uvuvi, kila mwenye mtumbwi anajua kuwa serikali haidhani hivyo tena. Mengi yamesemwa kuhusu ukali wa askari hao, na malalamiko yana uzito wake. Lakini mzigo wa wachanga ukikamatwa barabarani, anayepoteza ni mchuuzi. Aliyevua ameshalipwa.

Hapo ndipo kanuni ya samaki watano inapokuwa na maana kwetu. Kwenye mashindano yale hakuna anayelipwa kwa kuhesabu vichwa. Soko letu la rejareja kwa sehemu kubwa ni la fungu na kichwa. Sangara wa sentimita 50 ana kilo moja na ushei. Wa mita moja, ambaye ni urefu mara mbili tu, anaweza kufika kilo 10 na zaidi. Viwanda vya minofu huongeza bei ya kilo kadiri samaki anavyokuwa mkubwa, na bondo, lile puto la tumboni linalosafirishwa hadi China na Hong Kong, thamani yake hupanda kwa ukubwa kuliko hata nyama. Mchanga hana bondo la kuuza. Samaki watatu wakubwa ndani ya barafu wanaweza kukuingizia faida kuliko gunia la wadogo unaolipitisha usiku njia za panya, ukimpa huyu kidogo na yule kidogo.

Najua jibu litakalotoka sokoni Tororo: mteja wangu hana fedha ya samaki wa kilo tano. Ni kweli, na hakuna hotuba itakayombadilisha. Ila mteja huyo anaweza kuhudumiwa bila mchanga. Kuna mgongo wazi, yaani mifupa na kichwa vinavyobaki kiwandani baada ya minofu kuondoka, chakula ambacho familia nyingi za pande zote mbili zimekulia. Kuna mukene, ambaye ukimvusha tu anageuka omena, na ukifika naye Mwanza ni dagaa. Tena miezi ya Aprili hadi Julai, Kenya inapofunga uvuvi wa omena ili wazaliane, mzigo wa Uganda ndio hutafutwa. Na samaki mkubwa hukatwa vipande; mama wauza samaki wa mafuta wamekuwa wakifanya hivyo siku zote, na kipande cha tumbo hakijawahi kukosa mnunuzi.

Je, tuandae mashindano yetu? Uganda tayari hupokea wageni wanaolipia kibali cha kuvua sangara kwa fimbo chini ya maporomoko ya Murchison, na kwenye visiwa vya Rusinga na Mfangano upande wa Kenya watalii wamekuwa wakija kwa ajili ya samaki huyo huyo. Mgeni wa aina hiyo hukodi boti na mwongozaji, hununua barafu na petroli, halafu humrudisha samaki majini. Fukwe za Busia ziko karibu na barabara kuu na mpaka wenye kituo kimoja cha pamoja tangu 2018. Naona linawezekana, mradi wenyeji wawe na boti na mizani, si kubeba mizigo ya wengine tu. Lakini hilo ni la halmashauri na wawekezaji, na halmashauri zina mwendo wake.

Kwa mfanyabiashara anayeondoka leo usiku kwenda ufukweni, kuna mambo madogo anayoweza kuiga bila kungoja mtu. Chukua futi ya fundi cherehani. Mlaze samaki amenyooka, mdomo umefungwa, pima kuanzia ncha ya mdomo hadi ncha ya mkia. Pima kabla ya kulipa, mbele ya mvuvi, si mbele ya afisa. Chukua cheti cha afya cha samaki kabla ya kufika mpakani, kwa sababu kituo cha pamoja hupunguza foleni lakini hakifuti karatasi. Barafu iwe chini na juu, hata miezi ya baridi. Hewa ya asubuhi ya Julai hudanganya, jua la saa tano ni lile lile. Na kama unanunua wa kukausha kwa moshi, kumbuka kwamba samaki hunywea. Aliyekuwa sentimita 51 akiwa mbichi anaweza kufika Malaba akiwa pungufu, na afisa hupima anachokiona. Nunua kuanzia 55.